Nyumba Isiyokaanga Samaki

Nyumba ya Mama Pindo ilikuwa na sheria moja tu, wala haikuandikwa popote: samaki haingii. Awe mbichi, awe mkavu, awe wa kopo, haingii. Ukimtamani, mle huko huko ulikomwona, unawe, upepo ukupige kidogo, ndipo uje nyumbani.

Sheria ilikuwa na sababu yake. Sebule ya kupokelea wageni ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kiwanda: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi juu ya kipande cha kigae, na kamba moja kutoka ukuta hadi ukuta, magauni yamening'inia kama watu waliopanga foleni. Jiko lilikuwa nyuma ya pazia. Na kitambaa, satini hasa, kinakunywa harufu kama mlevi siku ya mshahara. Mama Pindo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa pindo lake halijawahi kwenda upande, aliwahi kumvalisha bibi harusi gauni lililolala jirani na kikaango cha samaki. Wageni wa meza ya mbele walikula wakichungulia chini ya viti kutafuta paka. Tangu siku hiyo, basi.

Kwa hiyo mkwewe aliporudi kutoka kliniki na kadi mkononi, akaketi kwenye kigoda na kutaja samaki, cherehani ilisimama katikati ya mshono.

"Nani kasema?"

"Muuguzi, mama."

"Kasemaje hasa? Nipe kama alivyosema, usiniongezee."

Mkwe alikuwa mwembamba hata na mimba yake, mtaa mzima ukimwita Sindano, na Mama Pindo naye akimwita hivyo siku akiwa na furaha. Akafungua kadi ingawa hakuhitaji kuisoma. "Kasema mtoto ni mdogo kuliko wiki zake. Kapima tumbo. Inatakiwa sentimita ishirini na nane, mimi nina ishirini na nne. Nisiache vidonge vya damu, nipumzike mchana, niongeze mlo mmoja. Na nile samaki wenye mafuta, mara mbili kwa wiki au tatu. Wale wadogo, dagaa na sadini. Mafuta yao yanamjenga mtoto ubongo na macho, na yanasaidia asije kabla ya siku zake. Wale wakubwa, papa na wenzake, niwaache."

"Na usipokula hao samaki?"

"Nirudi baada ya wiki nne. Kama tumbo halijasogea nalazwa hospitali kuu mpaka nijifungue."

Mama Pindo aliinuka, akaivua futi iliyokuwa shingoni mwake kama mkufu. "Simama. Nyoosha mgongo. Usivute pumzi ndani, hapa hakuna bwana harusi." Akaizungusha futi kiunoni kwa mkwe, juu ya tumbo lenyewe, akaikutanisha kwa kidole gumba. "Mwezi uliopita ulikuwa thelathini na nne. Leo thelathini na sita na nusu. Inchi mbili na nusu kwa mwezi mmoja. Sasa huyo mtoto mdogo yuko wapi?"

"Sijui, mama. Ndivyo alivyosema."

"Miaka thelathini nashika futi. Nimepima matumbo ya mimba, ya bia na ya mawazo. Muuguzi wako kaanza kushika futi juzi." Akairudisha shingoni, akaketi, na mguu wake ukaanza tena kukanyaga. Alikuwa ametulia moyoni, maana namba zilikuwa zimesema. Mbele yake palikuwa na magauni saba meupe ya Mwalimu Mkuu, mama yake bibi harusi: moja la bibi harusi lenye mkia wa kuburuta, na sita ya wasindikizaji. Harusi ilikuwa imebakiza wiki saba.

Mama Pindo hakuwa mtu mbaya. Alichokataa kwa mkono mmoja alikilipa kwa mikono miwili. Kesho yake akanunua trei ya mayai. Mayai yakapanda juu kabla hayajafika chini. Akaleta maziwa, Sindano akayanywa huku ameziba pua. Akapika maharage, maharage mengi, asubuhi na jioni, mpaka mwanawe, fundi rangi aliyerudi kila jioni na madoa ya kazi masikioni, akauliza kama nyumba imegeuka shule ya bweni.

"Mama," alisema siku moja akiwa anasukuma sahani, "tuwakaange nje, uani."

"Dirisha la cherehani linatazama wapi?"

"Uani."

"Basi umejijibu."

"Wa kopo je? Kopo halikaangwi. Unafungua, unakula, unatupa."

"Wewe unapaka rangi. Rangi ikinuka watu wanasema nyumba mpya. Satini ikinuka watu wanasema nini?"

Fundi rangi akamtazama mkewe, mkewe akatazama maharage. Hapo mambo yakaishia, au Mama Pindo alidhani hivyo.

Kazi ya Sindano katika magauni yale ilikuwa shanga. Alikuwa na vidole vyepesi, aliweza kupanga shanga mia moja kifuani mwa gauni bila hata moja kugeuza uso. Wiki ya tatu, Mwalimu Mkuu alikuja kumjaribisha binti yake. Alikuwa mama mrefu wa kutembea kifua mbele, aliyezoea kukagua kucha za watoto mstarini. Alilizunguka gauni mara mbili, akasifu kiuno, akasifu mkia. Kisha akainama karibu na shanga, akabaki ameinama.

"Fundi, hii nini?"

Lilikuwa doa dogo, upana wa kidole gumba, la aina ile isiyo na rangi bali inafanya kitambaa kionyeshe upande wa pili. Mafuta.

"Ni ya cherehani, Mwalimu. Linatoka. Nitalilaza na poda mpaka kesho, hutalijua lilikuwa wapi."

Mwalimu Mkuu akasogeza pua. Alinusa mara moja, akanusa mara ya pili polepole zaidi, jinsi mtu anavyosoma barua ya mashaka. "Cherehani yako inakula samaki siku hizi?"

Binti mtu akacheka, akidhani ni utani. Mama Pindo naye akacheka, ila kicheko chake kilitoka kwenye meno tu. Aliwasindikiza hadi nje, akarudi, akainusa satini mwenyewe. Aliita jina la mkwewe mara moja, hakuna jibu. Akapita jikoni, akatoka uani, na hapo akasikia kutoka bafuni sauti ndogo ya uma ukikwangua bati.

Bafu lile halikuwa na mlango, lilikuwa na gunia lililotundikwa. Mama Pindo akalisogeza.

Sindano alikuwa amesimama wima kando ya ndoo, miguu ameitanua kidogo kwa ajili ya uzito, kopo la sadini mkononi, taulo kubwa limemfunika mabega ili nguo isidakwe na harufu. Pembeni, juu ya tofali, palikuwa na kipande cha sabuni na nusu ya limau iliyokwishakamuliwa. Alikuwa akila haraka haraka kama mtu anayeiba. Alipomwona mama mkwe hakutupa kopo. Alimeza kwanza.

"Nanawa mara tatu, mama. Kwa limau, kwa sabuni, halafu limau tena. Leo Mwalimu alipiga hodi kabla sijamaliza ya pili, nikaacha kopo nusu, nikakimbia kumtolea gauni."

"Unakulia bafuni."

"Mara moja kwa wiki. Mwanao ananiletea kopo ndani ya ndoo ya rangi."

"Umeniharibia satini ya watu."

Sindano hakuwa mtu wa kujibu. Miaka miwili katika nyumba ile alikuwa amejibu "ndiyo mama" mara zisizo na idadi. Lakini siku hiyo alikuwa na njaa, miguu ilimuuma, na kopo lilikuwa bado na samaki wawili. "Satini ipo dukani, mama," alisema taratibu. "Huyu nikimkosa nitamnunua wapi?"

Mama Pindo aliachia gunia likajifunika. Akarudi ndani, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga bila kitambaa chini ya sindano. Uzi ukatoka bure, mstari mrefu usioshona kitu. Alitaka kukasirika na alikuwa na sababu zote, lakini kila alipoijaribu hasira, alimwona tu mke wa mwanawe amesimama pale watu wanapoogea, akila kwa uma huku akisikilizia nyayo. Kama angesikia jambo hilo limetendeka nyumba ya pili, angelizungumza mwezi mzima.

Hata hivyo kulikuwa na ile futi. Futi haikumdanganya hata siku moja. Siku ya kliniki ilipofika alivaa nguo zake za kutokea, akaizungusha futi shingoni, akasema anakwenda naye.

"Kufanya nini, mama?"

"Kupima."

Muuguzi alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yake, kalamu tatu mfukoni na viatu vya kazi vilivyoliwa kisigino upande mmoja. Alimlaza Sindano kitandani, akachukua futi yake ya plastiki. Mama Pindo akavua ya kwake.

"Kabla hujaanza, binti," alisema, "hebu tuelewane. Mimi ni fundi. Kiuno cha huyu nimekipima wiki kwa wiki. Thelathini na nne, thelathini na sita na nusu, jana thelathini na nane. Anaongezeka kama kawaida. Ninyi mmeona udogo wapi?"

Muuguzi hakucheka, na kwa hilo Mama Pindo alimshukuru baadaye. Aliuliza tu, "Mama, ulizungusha?"

"Kiuno kinapimwaje kingine?"

"Kiuno kinapimwa hivyo. Ila mimi sipimi kiuno. Lete mkono." Akaushika mkono wa Mama Pindo, ule wenye alama za sindano kwenye ncha za vidole, akaubonyeza taratibu chini kabisa ya tumbo la Sindano. "Huu mfupa unausikia? Hapa naanzia. Sasa panda juu. Panda, usiogope. Hapo panapoanza kulegea, simama. Hapo ndipo mji wa mimba unapoishia. Kutoka mfupani mpaka hapo, ndio kimo cha mtoto."

Vidole vya Mama Pindo vilisimama. Vilikuwa vidole vya kujua kitambaa gizani, na vilijua mara moja kwamba mahali vilipofika palikuwa chini, chini mno kwa mimba ya wiki thelathini na mbili. Chini ya ngozi kitu kikamgonga, kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa wenyewe.

"Na zile inchi?" aliuliza, sauti imepungua.

"Ulimpima mama yake, na nguo alizovaa. Halafu alikuwa anakula nini sana?"

"Maharage," alisema Sindano kutoka kitandani.

"Maharage ni chakula kizuri. Lakini yanavimbisha kiuno."

Sindano akaangua kicheko kitanda kikatikisika, muuguzi akaona aibu imekwisha naye akacheka. Mama Pindo peke yake hakucheka. Alikuwa akijiona: wiki nne nzima akimshonea mtoto gauni kwa kipimo cha mtu mwingine. Kosa hilo mwanafunzi wa cherehani hulifanya mwezi wa kwanza, anapigwa kofi la kisogo, harudii.

Muuguzi akapima. Ishirini na saba. "Amesogea tatu, nilitaka nne. Anakua, ila anatambaa. Samaki unakula?"

"Mara moja kwa wiki," alisema Sindano. "Nikipata nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Sindano akaitazama dari. Angeweza kusema lolote na asingesema, Mama Pindo alilijua hilo, na kulijua kulimchoma kuliko kama angesema.

"Nafasi ya bafuni," alijibu Mama Pindo mwenyewe. "Mimi ndiye nimemfanya ale bafuni. Nina satini nyumbani."

Muuguzi aliandika kitu kwenye kadi, labda ili apate pa kutazama. "Samaki si uchawi, mama. Sitakuahidi kitu. Ni pamoja na vidonge, na kupumzika, na moyo kutulia. Lakini chakula hiki anakiweza, hakimtapishi, na mtoto anakihitaji. Nawapa wiki mbili. Zikiisha na bado anatambaa, kitanda kinamsubiri."

Jioni ile ile Mama Pindo alimwambia mwanawe atafute mkokoteni.

"Wa kubebea nini?"

"Cherehani. Nyumba moja haiwezi kukaa satini na samaki. Sasa mwenye kuhama ni satini."

Mwalimu Mkuu hakufurahi, lakini harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu na hakukuwa na fundi mwingine wa kuupokea mkia ule nusu njia. Alimpa Mama Pindo banda la gari nyumbani kwake, kwa masharti. Apitie mlango wa nyuma, avue viatu, asipokee simu karibu na kitambaa. Chai ililetwa kwenye kikombe cha plastiki chenye mpasuko, wakati vya udongo vilikuwa vimepangwa kabatini vikimtazama. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu alikuja getini, akainama kidogo begani kwake.

"Jana mlikula nini, fundi?"

"Maharage, Mwalimu," alijibu Mama Pindo bila kupepesa, mtu aliyeacha nyumbani sufuria ya dagaa wa nazi ikitoa moshi. Alikuwa amebuni njia yake: gauni la kazi lilikaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akilivaa humo bandani na kulivua humo humo. Alizishona shanga zilizobaki mwenyewe. Macho hayakuwa tena ya shanga. Alijaribu kutunga uzi mara sita, ya saba ukapita.

Nyumbani, sebule isiyo na cherehani ilionekana kubwa kama uwanja. Sindano alikula mezani, ameketi, miguu juu ya kigoda. Jumatatu dagaa, Alhamisi sadini wa kukaanga, Jumamosi chochote sokoni kilichokuwa kidogo na kinene. Fundi rangi alinenepa kwa ajili ya mimba asiyoibeba yeye. Mama Pindo alirudi jioni mgongo umekufa ganzi, akauliza jambo moja tu kabla ya kuvua viatu: "Kala?"

"Kala, mama. Kaomba na mchuzi wa chini."

Wiki mbili zilipotimia walikwenda tena wote wawili. Safari hii futi ya Mama Pindo ilibaki bandani, na mikono aliiweka mapajani. Muuguzi alianzia mfupani, akapanda, akapanda, akasoma, kisha akasoma tena.

"Thelathini na moja."

"Ni ngapi hiyo?" aliuliza Mama Pindo, kwa sababu ghafla hakukumbuka hesabu yoyote.

"Ni wiki mbili amesogea nne, mama. Mwili wa mtoto haufuati futi kwa usahihi wote huo, labda amegeuka kidogo. Lakini anapanda. Bado mwembamba, hiyo nadhani ni ukoo." Akafunga kadi. "Kitanda changu nampa mwingine. Nendeni nyumbani."

Sindano akashuka kitandani, akatafuta viatu vyake kwa miguu. Mama Pindo akapiga magoti, akamvalisha, kushoto kisha kulia.

Siku ya harusi gauni lilivaliwa, mkia ukaburutwa, hakuna aliyetafuta paka. Wiki nne baadaye Sindano alijifungua mtoto wa kike, siku zake zimetimia, kilo mbili na gramu mia tisa, mwenye sauti ya mwuza magazeti. Muuguzi wa wodini alisema mapafu hayana neno. Fundi rangi alisema hata jirani wa mtaa wa tatu ameshalijua hilo.

Cherehani ilirudi dirishani. Mtoto alipofikisha wiki tatu, Mwalimu Mkuu alipiga hodi, mfuko mkubwa wa satini ya rangi ya maziwa umemjaa mikononi. Binti yake wa pili naye alikuwa amechumbiwa. Alisifu mtoto kwa ufupi, akaweka mfuko mezani, na kuanza kueleza mikono anayoitaka, mipana kiwikoni, myembamba kifundoni. Katikati ya maelezo akanyamaza. Kutoka nyuma ya pazia mafuta yalikuwa yakirukaruka kikaangoni.

"Fundi," alisema, "hapa pananuka samaki."

"Ndiyo, Mwalimu." Mama Pindo alikuwa amemweka mjukuu begani, akimpiga piga mgongo amalize kucheua. "Mama yake ananyonyesha. Muuguzi kasema aendelee."

"Basi utakuja kwangu, kama mara ile. Banda lipo."

"Sitakuja, Mwalimu. Nina mtu hapa."

"Na nguo ya mwanangu?"

"Nitaishona, na pindo litanyooka. Kitambaa kikae kwako. Lete kipande cha siku, jioni uchukue. Jumanne na Jumatano, dirisha wazi."

Mwalimu Mkuu akautazama mfuko wake mezani, akalitazama lile pazia. Hakuna mzazi aliyewahi kumpangia siku. "Kwa nini nisilete leo? Leo ni Alhamisi, nimeshafika."

"Leo pananuka," alisema Mama Pindo kwa upole wote. "Na Jumatatu patanuka tena."

Nyuma ya pazia, Sindano akapunguza moto ili asikie vizuri.